Mtoto Aliyelazwa Dunguni

Mwaka themanini na sita nilikuwa na miaka tisa, na huo ndio mwaka shida ilipoingia kwetu ikakaa. Baba alimwacha mama na mimba kubwa, akahamia Kilwa kwa mke mwingine. Mdogo wangu Mshamu akazaliwa ndani ya nyumba isiyo na hata mafuta ya taa. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani naandika kutafuta huruma. Siihitaji. Shule niliishia darasa la tatu, na leo wenye digrii zao wanavua viatu mlangoni kwangu.

Kilichonishikisha kalamu ni pepeta. Nyinyi wa rika langu mliokulia bondeni, kandokando ya mto, mnaijua: mpunga ambao haujakomaa, unakaangwa chunguni, unatwangwa ungali moto mpaka unakuwa bapa, unatafunwa hivyo hivyo. Juzi binti yangu alikuwa anakaanga uani, harufu imejaa nyumba nzima, na mjukuu wangu wa sekondari amekaa kizingitini anasoma kwa sauti kitabu cha hadithi alichopewa shuleni, hadithi ya vita vya Mjerumani huku kwetu. Kitabu kizuri, sikatai. Kina jemadari, kina mganga, kina bunduki. Lakini watu wa mto wanapita humo wakikimbia tu, kundi zima, hakuna hata mmoja mwenye jina.

Nikamwambia, "Hebu rudia hapo wanapokimbia."

Akarudia.

"Basi?"

"Basi, Bibi. Wamekimbia."

Harufu ya mpunga ule mbichi ilikuwa imenipanda puani, na neno lile "wamekimbia" limenikaa vibaya moyoni. Kwa sababu mimi, kabla sijafika miaka kumi, niliamini kwa akili yangu yote kwamba katika kukimbia kule nilikuwepo, na kwamba nilimwacha mtoto.

Nitaeleza.

Nilipozaliwa nilipewa jina la Somoe, jina la mama yake bibi yangu. Bibi ninayemsema ni mama mzazi wa mama yangu, aliitwa Mwanaisha. Sasa kwetu mtu akipewa jina la marehemu hapewi jina tupu kama unavyoandikia gunia. Anapewa na cheo chake. Kwa hiyo Bibi, kikongwe mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, kila asubuhi alikuja mbele yangu, akakunja magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama." Nami nikajibu kwa sauti yangu ya kitoto, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Kikipikwa chakula, ukoko ulikuwa wangu kwanza. Nikikosa hakunipiga. "Mtu hampigi mama yake," alisema, kisha anamwita mama yangu aje anichape yeye.

Watu walicheka. Jirani yetu wa bondeni, Mzee Mtulia, alikuwa hapiti bila kuuliza, "Bi Mwanaisha, mama yako keshajinyea leo?"

"Umejinyea wewe! Mama yangu ana adabu. Wewe umezeeka bure, hata kamasi hujui kufuta."

Nikikua hivyo, nikajiona sina budi kuwa mtu wa zamani. Watoto wengine walikuwa watoto. Mimi nilikuwa mtoto, na pia nilikuwa mama wa kizee.

Serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka bondeni tangu kabla sijazaliwa. Tulipewa viwanja huku juu, upande wa Ruaruke, tukajenga kwa mstari. Lakini mpunga haukuhama. Kila vuli ikinyesha, Bibi alijifunga kaniki, akatuchukua, tukashuka mashambani na kukaa huko mpaka mavuno. Tulikaa dunguni. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda juu ya nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti, ngazi moja ya mti. Moto unakokwa juu ya udongo uliokandikwa kwenye kona. Nguruwe anapita chini, kiboko anapita chini, maji yakija yanapita chini, na wewe uko juu na teo yako ya kurushia mawe, unaamia ndege wasimalize mpunga. Mtoto aliyelelewa dunguni analala huku anasikia dunia inatembea chini ya mgongo wake.

Mama hakuwa mtu wa bondeni. Mambo yalipofunguliwa, wakati wa ruksa, sabuni iliyokuwa ya magendo ikawa sabuni halali, na mama akaona mlango. Akauza khanga zake mpya, akaungana na wanawake wenzake, wakaenda Dar kuchukua mitumba. Wakauza Ikwiriri, wakavuka kwa pantoni pale Ndundu, wakashuka mpaka Somanga. Alirudi ananuka ile dawa ya nguo za Ulaya, na maneno mapya mdomoni. Siku ya kuniandikisha shule, mwalimu aliuliza jina, mama akasema, "Zaituni."

Niliposhtuka akanifinya. Njiani akaniambia, "Somoe ni jina la kukalia jamvi. Dunia imefunguka, mwanangu. Uitwe jina linaloingia popote."

Bibi aliposikia hakugomba. Alisema tu, "Haya. Huko shule mwiteni mnavyotaka. Mimi nitamwita mama yangu."

"Mama, mtoto unamchanganya," mama akasema. "Kila jioni vita, vita. Vita vilikwisha zamani."

"Vilikwisha kwa nani?"

Mama akaguna, akaingia ndani kupanga nguo zake.

Hivyo vita ndivyo vilivyokuwa hadithi ya dunguni. Jioni, kuni mbichi zinatoa moshi wa kufukuza mbu, Bibi alisimulia kwa Kindengereko, maana alisema mambo yale kwa Kiswahili yanakuwa mepesi. Mimi nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu zangu Kindengereko wanakijua cha salamu tu, basi mtanisamehe wepesi. Na hakusimulia kama vitabu vinavyosimulia. Hakusema "hapo zamani paliondokea mwanamke." Alinitazama mimi usoni, akasema "wewe."

"Wewe, Mama, ulikuwa msichana umetoka juzi kuzaa. Wanaume walikuwa wamekwenda vitani. Wakaja askari, wakachoma maghala, wakachoma mpunga shambani umesimama. Mkakimbia wanawake peke yenu, mkaingia kwenye matete. Maji yamewafika kiunoni. Askari wanapita na mitumbwi, mnasikia kasia. Na mtoto wako analia. Umempa ziwa, analia. Umemziba mdomo, analia. Wenzako wakakwambia, Somoe, ama huyo anyamaze ama tunakufa sote. Basi ukatoka kwenye matete. Palikuwa na dungu bovu, limeachwa. Ukapanda, ukamlaza mtoto, ukamfunika kaniki yako, ukashuka. Ukaondoka."

"Halafu?" nilikuwa nauliza.

"Halafu tunalala."

Kila mara iliishia pale. Nililia, nilibembeleza, nilinuna. Tunalala. Bibi akajigeuza ukutani, na mimi nikabaki macho wazi nikitazama zile fito za sakafu.

Mtu mzima anasikia hadithi hiyo anaelewa ni ya marehemu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kila asubuhi kikongwe ananipigia magoti, na kila jioni ananiambia wewe ulifanya hivi. Ningeelewaje? Niliona ni kitu nilichokifanya nikakisahau, kama unavyosahau ulipokojoa kitandani lakini godoro linakuumbua. Nilijaribu kukumbuka sura ya yule mtoto, sikuikumbuka, na kutokuikumbuka kukanitisha zaidi. Mtu gani anamwacha mwanawe halafu anasahau sura yake? Na kama nilifanya mara moja, nini kitanizuia nisifanye tena?

Macho yangu yakahamia kwa Mshamu.

Alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu. Nikawa simtui. Nachota maji yuko mgongoni, naamia ndege yuko mgongoni, naingia kichakani kujisaidia yuko mgongoni. Akilia namjaza wali mdomoni mpaka anapaliwa, kwani kwa akili yangu kilio ndicho kilichomponza yule mwingine. Wasichana wa madungu ya jirani wakapata la kusema.

"Mama Mshamu! Umeolewa lini?"

"Mumewe yule kiboko wa bwawani!"

"Ndiyo maana mtoto ana kichwa kikubwa!"

Walidhani nampenda mno ndugu yangu. Hawakujua kwamba namlinda asidhuriwe na mimi.

Huko juu shuleni, msimu ukiniruhusu kwenda, nilipumua. Mwalimu akiita "Zaituni!" naitika "Hapa!" kwa nguvu zote, maana Zaituni hakuwa na kesi na mtu. Nilifikiri labda nikikaa na jina lile siku nyingi, Somoe atanichoka aende zake. Lakini masika yakakaribia, mpunga ukataka walinzi, nikarudishwa bondeni. Asubuhi ya kwanza nikasikia, "Shikamoo, Mama," nikamkaza Mshamu mgongoni kabla sijaitika.

Masika hayo mama alikuwa amevuka kwenda ng'ambo ya mto na mzigo. Alisema atarudi kabla mpunga haujainamisha vichwa. Mpunga ukainama, hajaja. Bibi naye alikuwa amechomwa na mwiba wa kambale alipokuwa anavua dimbwini, mguu umevimba kama kinu, hawezi kuukanyagia. Tukawa tunamtegemea Mzee Mtulia, ambaye dungu lake lilikuwa ng'ambo ya mbuga, atuletee habari na mtumbwi wake. Siku moja akafika akasimama chini, hakutania.

"Bi Mwanaisha, mto umevimba. Pantoni imefungwa Ndundu, malori yamejipanga huku na huku. Binti yako hawezi kuvuka leo wala kesho. Mimi kesho nahamisha vitu vyangu kwenda juu. Nikishavipeleka nitakuja kuwachukua."

"Utatukuta hapa," Bibi akasema. "Tuna miguu ya kwenda wapi?"

Asubuhi iliyofuata niliamka sisikii ndege. Nikachungulia kwenye fito: maji. Si maji ya kupita, ni maji yaliyokuja kukaa, ya rangi ya chai ya maziwa, yanaenda polepole na vijiti na povu. Mpunga ulikuwa umebaki ncha tu. Mtumbwi wetu mdogo uliofungwa nguzoni ulikuwa umeondoka na kamba yake. Nikataka kumwamsha Bibi, nikamgusa Mshamu kwanza, mkono ukaungua. Alikuwa amefumba macho nusu, na hakulia. Ningetoa chochote alie.

Jua lilipopanda kidogo, degedege likamshika. Mwili ukakakamaa, macho yakapanda juu, meno yakaumana. Bibi akamlaza ubavu, akamwagia maji, akamsomea, akamwita jina. Likamwachia. Likamshika tena. Lilipomwachia mara hiyo Bibi alimfuta povu mdomoni.

"Mama," akaniambia, "huyu anataka sindano. Hapa hatuna dawa."

Ng'ambo ya mbuga, juu ya dungu la Mzee Mtulia, moshi ulikuwa unatoka. Bado yupo. Tulipaza sauti, wote wawili, mpaka koo zikakauka, upepo ukazirudisha kwetu. Tulipeperusha kaniki. Moshi ukazidi kuwa mwembamba, na sote tulijua maana yake: anazima moto, anafunga mizigo. Angeenda juu, na kwa maji yale kurudi kwake kungekuwa jioni, au kesho. Mshamu hakuwa na kesho.

Nyuma ya dungu letu palikuwa na kichuguu na migomba. Bibi akanipa panga. "Kata migomba, ifunge kwa kamba za ule mkeka. Utapanda chelezo, utashika upondo wa kusukumia, utafuata ule mstari wa matete ambako maji hayana nguvu. Usiende katikati. Ukiona gogo linatembea dhidi ya maji, si gogo."

Nikakata. Nikafunga. Mikono ilifanya kazi vizuri kabisa mpaka nilipopanda juu kumchukua Mshamu.

"Huyo unampeleka wapi?" Bibi akauliza.

"Naenda naye."

"Juu ya migomba? Degedege likimshika utashika upondo au utamshika yeye? Mlaze hapa."

Alikuwa amekwisha kutandika kaniki yake kwenye fito.

Sijui mnaelewa nilichokiona. Dungu. Maji. Kaniki. Mtoto. Na mimi ngazini, nataka kushuka. Nikamkumbatia Mshamu, moto wake ukanichoma kifua, nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Sitaki."

"Mama, moshi unaisha."

"Sitaki! Nilishamwacha mmoja! Sitamwacha na huyu!"

Bibi akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojua nilichokuwa nimekibeba msimu mzima. Uso wake ulibadilika, ukazeeka palepale, kisha ukajikusanya. Akajikokota kwa makalio, mguu wake ule mbovu ukiburuzika, akaja karibu yangu.

"Nani kakwambia alikufa?"

"Hadithi inaishia pale."

"Inaishia pale kwa sababu wewe ulikuwa umeondoka. Utajuaje ya nyuma yako? Ya baadaye anayajua aliyeachwa."

"Nani aliyeachwa?"

"Mimi."

Nikamtazama, Mshamu bado kifuani.

"Mimi ndiye niliyelala chini ya kaniki," Bibi akasema, upesi upesi, jicho moja kwenye ule moshi. "Nilisikia mitumbwi ikipita. Nilisikia askari anakohoa. Siafu alinipanda mguuni nikanyamaza. Kiboko akaja akala majani chini yangu, khuu, khuu, nikanyamaza. Jua lilipogeuka nikasikia ngazi inalia. Wewe huyo. Umelowa mpaka kichwani, umebeba maji mdomoni, ukanitemea mdomoni mwangu nikanywa. Ulirudi, Mama. Uliondoka ili urudi. Sasa nipe mtoto."

Nikampa.

Nilishuka ngazi sikutazama nyuma. Ya kwenye maji sitayarefusha. Kila mtu wa mtoni ana yake. Chelezo kilizama nusu, nikawa nimekaa majini. Nilifuata matete. Mara mbili upondo haukugusa chini, na hapo nililia kwa sauti na kuendelea. Nilikuwa nasema mdomoni, "naondoka nirudi, naondoka nirudi," mpaka maneno yakaisha maana. Mzee Mtulia alikuwa keshatia kasia majini aliponiona. Alinikemea kabla hajanisikiliza.

"We mtoto una wazimu? Bibi yako yuko wapi?"

"Mshamu ana degedege!"

Hakuuliza tena. Alitupa gunia lake la mpunga majini ili apate nafasi, gunia zima la chakula cha nyumba yake, akanivuta kwa shingo ya gauni.

Tuliporudi, ngazi ilikuwa imechukuliwa na maji na dungu limelala upande. Hakuna sauti. Niliita, "Bibi!" Kimya. Niliita, "Mshamu!" Kimya. Mzee Mtulia akaacha kupiga kasia kidogo, nikaona mgongo wake unainama, nikajua anawaza ninachowaza. Kisha juu kule ikasikika sauti kavu:

"Mtulia, unapiga kasia kama unakoroga uji. Harakisha!"

Alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo iliyosalia, Mshamu amemlaza juu ya mapaja, khanga imelowa maji juu yake, anamlowesha mdomo kwa kidole. Alikuwa hai. Amelegea, lakini hai. Bibi alimteremsha kwa kumfunga ndani ya kaniki kama mzigo wa samaki, na yeye mwenyewe akajiangusha mtumbwini kwa makalio, akapiga ukelele wa maumivu, akamtukana Mzee Mtulia kwa kutompokea vizuri. Tulifika zahanati jua linazama. Mganga akachoma sindano. Mshamu alilia usiku kucha, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Mama alivuka maji yalipopungua. Mpunga wetu wote ulikuwa umeoza shambani. Mwaka huo tulikula maembe mabichi na mizizi, na mimi nikaacha shule nikakaa barabarani kuuza, kwanza pepeta ya kununua kwa watu, kisha samaki wa kukaanga, kisha chochote kilichouzika. Hayo ndiyo masomo yangu. Lakini ule woga wa msimu ule ulikuwa umeniachia. Nilijua nilirudi. Bibi mwenyewe alinihakikishia, na aliyeachwa hawezi kukosea.

Bibi alifariki mimi nimekwisha kuwa msichana mkubwa, na Mshamu anacheza mpira. Siku ya maziko akaja mtani wetu, Mngindo, mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Bi Sikujua, ambaye nyumba yake na yetu zilitaniana tangu enzi za wazee wao. Mnajua utani wa msibani. Alivaa kaniki ya Bibi, akajifunga kilemba kama chake, akachechemea kama yeye, akazuia mlango jeneza lisitoke.

"Mnanipeleka wapi? Sijamaliza kumtukana Mtulia!"

Wanawake wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha akanigeukia, akakunja magoti palepale mbele ya watu.

"Shikamoo, Mama!"

Nikajikaza. "Marahaba."

"Safari hii usinisahau dunguni kama ulivyomsahau mwenzangu!"

Kicheko kikaanza, kikakatika. Wazee wakatazamana. Mama yangu akainamisha kichwa.

"Mwenzako nani?" nikauliza.

Bi Sikujua akanitazama, utani ukamtoka usoni. "Kumbe hawajakwambia."

Jeneza lilipokwisha kutoka na wanaume kwenda nalo makaburini, alinikalisha jikoni, bado amevaa nguo za Bibi. Akaniambia hivi. Mama yake Bibi alirudi kwenye lile dungu siku ileile, jioni. Alikuta kaniki. Mtoto hakumkuta. Walitafuta kwenye matete, walitafuta chini ya maji, hawakupata hata kidole. Vita vikaisha, ikaja njaa, njaa ikapita, ndipo akapata mtoto mwingine wa kike, akampa jina la yule wa kwanza: Mwanaisha. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Nikamgeukia mama. "Ulijua?"

"Nilijua," mama akasema. "Ndiyo maana nilikuandikisha jina jingine. Jina lile lina maji ndani yake. Nilitaka likutoke."

Nikasimama. Hasira ilinipanda ambayo hata sasa naikumbuka, maana kuna kitu nilikuwa nimekijengea nyumba juu yake, na kumbe chini hapakuwa na kitu. Askari aliyekohoa, siafu, maji ya mdomoni, vyote alivitunga palepale, mguu umevimba, moshi unaisha. Mtoto wa ziwa anakumbuka nini? Na hata huyo wa ziwa hakuwa yeye.

"Alinidanganya," nikasema.

Bi Sikujua akacheka kidogo, bila utani. "Kakudanganya nini? Kila asubuhi kikongwe yule alikuamkia, ukaitika. Ukala na ukoko wake. Ulimwambia hata siku moja, mimi si mama yako? Basi kama wewe ulikuwa Somoe kwa sababu ya jina, kwa nini yeye asiwe yule mtoto kwa sababu ya jina?"

Tulikaa jikoni pale tukisikiliza wanaume wakirudi, wananawa udongo mikononi.

Miaka imepita nimelifikiri sana jambo hilo, kwa njia yangu isiyo ya shule. Huyo mtoto alipotea. Hilo ni kweli na lazima lisemwe, na kitabu cha mjukuu wangu hakikulisema. Lakini vilevile kuna mtu aliyesimama mbele yangu akaniambia, mimi ndiye, ulinirudia, na kwa neno hilo mtoto mwingine akapona. Sitaki mtu aniambie kipi kati ya hivyo viwili ni historia na kipi ni uongo wa kikongwe. Nikiwasimulia wajukuu nawasimulia vyote viwili, kwa mpangilio nilioupata mimi, na wakiuliza "Halafu?" sizimi taa. Nawapa jina la aliyekimbia, nawapa jina la aliyelazwa, nawaambia hao ndio waliokuwa wanakimbia humo kitabuni.

Naandika haya nikiwa Kibiti, ukumbini kwangu. Ninayo nyumba hii ya matofali na ya pili ninayopangisha. Ninayo mashine ya kukoboa mpunga na pikipiki mbili zinazofanya kazi barabarani. Ninayo mikorosho Mahege, na shamba la mpunga kule kule bondeni ambalo nimekataa kuliuza. Nina watoto wanne na wajukuu. Nina mdogo wangu mmoja, Mshamu, anakaa mtaa wa pili, mzima.